Mwongozo Kamili kwa Mume na Mke Wanaotumwa Kulea Ushirika Mchanga Zanzibar

Kila mwaka wanandoa wanaojiandaa kuja kutumika huku visiwani wananiuliza maswali yaleyale, na kila mwaka naona makosa yaleyale. Wanafika na moyo mkunjufu, wanachapa kazi miaka miwili bila kupumzika, wanaagwa kwa machozi. Miezi sita baadaye ushirika waliouacha, yaani kundi la waumini waliokuwa wakiabudu pamoja, ni mikeka iliyokunjwa kwenye kona ya nyumba ya mtu.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Unguja. Nimezaliwa hapa kwa wazazi waliotoka Tanzania Bara, na riziki yangu naipata kwenye stoo ya hoteli upande wa mashariki. Nimepokea wanandoa jozi nne kutoka nchi za nje, nikazisindikiza bandarini zote nne. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyalipia.

Lengo la kazi yenu liwe hili: siku ya Jumapili mkiumwa wote wawili, ibada ianze kwa wakati wake bila mtu kuwapigia simu. Kila hatua iliyo hapa chini inaelekea huko.

## Mnavyohitaji kabla ya kupanda boti

Karatasi

- Kibali cha ukaazi cha daraja C. Ndicho wanachopewa wamishonari, wanaojitolea, watafiti na wanafunzi. Viza ya utalii haiwaruhusu kufanya kazi ya kanisa, hata kama hamlipwi senti.
- Nakala ya cheti cha usajili wa kanisa linalowapokea, usajili wa Zanzibar.
- Barua mbili: moja ya kanisa lililowatuma, nyingine ya kanisa linalowapokea. Ya pili iwe ya Kiswahili.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kama mnatoka au mnapitia nchi yenye ugonjwa huo, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo.
- Bima ya Zanzibar. Tangu Oktoba 2024 ni lazima kwa mgeni kutoka nje ya nchi, na hulipiwa mtandaoni kabla ya safari. Bima mliyonayo kwenu haichukui nafasi yake.

Vitu

- Doti tatu za kanga kwa mke, mtandio, na nguo zinazofunika mabega na magoti. Mume suruali ndefu na mashati. Kaptula ni ya pwani.
- Majamvi mawili au matatu.
- Madaftari matatu makubwa, yale ya jalada gumu.
- Taa za kuchaji mbili, maana umeme hukatika.
- Biblia za Kiswahili na vitabu vya nyimbo, kumi na tano vinatosha.
- Sahani sita nzuri za udongo. Msicheke, nitaeleza kwenye hatua ya saba.

Fedha

Wekeni kodi ya nyumba ya miezi sita hadi mwaka pembeni, kwa sababu wenye nyumba wengi huitaka kwa mkupuo. Pia nauli ya kurudi kwenu kwa dharura, ambayo hamtaigusa kwa jambo lingine lolote.

Kinanda, spika na jenereta viacheni. Wanandoa wa kwanza niliowapokea walikuja na vyote vitatu. Kijana mmoja tu alijua kupiga kile kinanda, naye mkataba wake wa hoteli ulipokwisha akarudi kwao Mwanza. Washirika walikuwa wamekwishazoea kuimba kwa kinanda, na walipobaki na sauti zao tupu waliona kama ibada imepungua. Ilituchukua karibu mwaka kurudisha uimbaji wa makofi na kayamba.

## Hatua ya 1: Malizeni karatasi, kisha nendeni kwa sheha

Hapa wengi hujikwaa kwa kutojua jambo moja. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo kibali chenu cha ukaazi kinatambulika pande zote mbili. Usajili wa jumuiya za dini ni habari nyingine. Bara husajili Wizara ya Mambo ya Ndani, Zanzibar husajili Ofisi ya Mrajis Mkuu, yaani Msajili Mkuu. Kanisa lililosajiliwa Dar es Salaam likifungua tawi Unguja kwa cheti kilekile cha Bara, limejenga juu ya mchanga.

Ombeni kukiona cheti kwa macho yenu. Mkijibiwa "kinashughulikiwa", subirini. Kusubiri miezi miwili ni nafuu kuliko kuitwa kituoni mkiwa katikati ya ibada pamoja na washirika wenu.

Kisha nendeni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa au kijiji) mtakayoishi. Nendeni asubuhi, mkiwa na mwenyeji anayefahamika naye, mume na mke pamoja. Mtaje majina yenu, mnakotoka, mtakaa muda gani, nyumba ya nani na mmekuja kufanya nini. Lisemeni neno kanisa kwa kinywa chenu. Sheha akisikia kwenu kuwa ninyi ni "walimu wa Kiingereza", halafu akasikia mtaani kuwa mnaendesha ibada, hatawaamini tena hata mkisema kweli.

Mtajua mmefaulu pale mtu atakapomuuliza sheha habari za wale wageni, naye akajibu mwenyewe bila kuja kuwauliza.

## Hatua ya 2: Pangeni nyumba katikati ya watu

Msipange ufukweni kwenye nyumba za watalii. Pangeni kijijini au mtaani, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa washirika wasiopungua watatu. Kodi itakuwa chini, na watu watawaona mkichota maji na kununua boflo (mkate) asubuhi kama wao.

Kabla ya kulipa, mwambieni mwenye nyumba waziwazi kama mnakusudia watu wakusanyike humo kuomba. Akikubali, yaandikwe kwenye mkataba. Akikataa, mshukuruni na mtafute mahali pengine pa ibada. Bado mnaweza kuishi kwake. Msianze na "kikundi kidogo cha maombi" kimyakimya mkitarajia atazoea. Nyimbo hupenya ukuta, na jirani hatamlaumu mwimbaji, atamlaumu mwenye nyumba aliyewapangisha.

Wiki ya kwanza kazi yenu ni kusalimia tu. Mkubwa anapewa shikamoo, awe muuza samaki au bwana afya. Msimwambie mtu mzima "mambo". Mkifika mlangoni pigeni hodi mara tatu. Msipoitikiwa, rudini, msichungulie dirishani. Mkikaribishwa chakula na hamna nafasi, semeni "starehe", si "hapana". Mkisalimiwa kwa salamu ya Kiislamu, itikieni vizuri.

Wanaotoka Kenya au Kongo nawasihi kwa namna ya pekee. Kiswahili chenu ni kizuri, lakini hapa "nipe" na "niletee" husikika kama amri kwa mtumwa. Tumieni "naomba", "nisaidie", "kunradhi". Nilikuwa na ndugu mmoja, mhubiri hodari, aliyeshindwa kupata fundi wa kumtengenezea paa kijiji kizima. Hakuna aliyemchukia. Walikuwa tu wamechoka kuamrishwa.

## Hatua ya 3: Miezi mitatu ya kusikiliza na kuandika

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kurukwa kwake ndiko kunakoua ushirika mwingi. Mwezi wa kwanza mume asihubiri hata mara moja, hata akiombwa. Kaeni kwenye jamvi kama wengine.

Chukueni daftari la kwanza. Kila mshirika apewe ukurasa wake: jina, alikotoka, anakofanya kazi, zamu zake, simu, nani wa kuarifiwa Bara akipatwa na jambo, na mkataba wake wa kazi unakwisha lini. Msiyajaze kwa kuwapanga watu foleni baada ya ibada. Yajazeni polepole, mkiwatembelea mmoja mmoja.

Sababu ni kwamba ushirika mchanga wa huku haufanani na wa kwenu. Wenyeji wa visiwa hivi karibu wote ni Waislamu. Mnaowahudumia wengi wamekuja kutafuta kazi: wapishi, wahudumu wa vyumba, walinzi, mafundi ujenzi, walimu, askari. Ni wageni kama ninyi, ila wao hawarudi kwao baada ya miaka miwili wakiwa na barua ya shukrani.

Tena wametoka makanisa mbalimbali. Kwenye majamvi yetu alikuwapo Mlutheri kutoka Moshi, Mkatoliki kutoka Songea, Mmoravian kutoka Mbeya na Mpentekoste kutoka Geita. Mmoja anaita usharika, mwingine kigango, mwingine tawi. Mmoja huombea kimya, mwingine hupaza sauti hadi mishipa inamtoka. Ulizeni kila mmoja, "Kwenu mnafanyaje?" na muandike. Mkileta utaratibu wa kwenu mzima mzima, mtabaki na wale tu wanaofanana na ninyi.

Mmefaulu hatua hii mkiweza kumtaja kila mtu kwa jina, na kusema wiki hii yuko zamu gani, bila kufungua daftari.

## Hatua ya 4: Pangeni ibada kwa zamu za kazi na saa za msikiti

Jumapili si siku ya mapumziko kwa mtu wa hoteli. Wageni wanaondoka, wengine wanaingia, mashuka yanabadilishwa. Ukipanga ibada moja ya saa tatu hadi saa saba kama ilivyo Bara, nusu ya ushirika wako haitakuja kamwe, nawe utawahubiria waliopo juu ya uvivu wa wasiokuwapo. Nimeyasikia mahubiri hayo, na nilimfahamu dada mmoja aliyeambiwa yaliyosemwa juu yake, hakurudi tena.

Zamu za asubuhi mara nyingi huanza saa moja na kwisha saa tisa. Za jioni huanza saa nane au tisa. Sisi tulipofika mahali tukakubali hali, tulifanya hivi:

1. Ibada ya kwanza saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, kwa walio zamu ya jioni na wasio na zamu.
2. Ibada ya pili saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na nusu, kwa wanaotoka zamu ya asubuhi. Somo lilelile, nyimbo zilezile, ila fupi, maana watu wamechoka.
3. Maombi ya katikati ya wiki Jumatano usiku, baada ya isha.

Angalieni saa hizo tena. Ya kwanza inakwisha mapema kabla ya adhuhuri, ya pili inaanza baada ya alasiri na kwisha kabla ya magharibi. Hilo lilipangwa kwa makusudi. Adhana ikiwakuta mkiimba, nyamazeni mpaka iishe. Hakuna aliyetuamuru kufanya hivyo, lakini mzee mmoja wa msikiti wa jirani alikuja kutushukuru kwa jambo hilo, akakaa, akanywa kahawa na sisi. Mazoezi ya kwaya ya Ijumaa mchana yaondoeni kabisa kwenye ratiba.

Msitumie spika kwa watu chini ya hamsini. Sauti ya mtu inatosha.

## Hatua ya 5: Gawaneni kazi kama mume na mke

Hii ndiyo faida ya kutumwa wawili, na wengi hawaitumii. Nyumba za huku zina pande mbili. Kuna baraza mbele, wanakoketi wanaume, na kuna uwani nyuma, wanakopika na kuzungumza wanawake. Mume atabaki barazani hata akikaa miaka kumi. Mke ataingia uwani siku ya pili, akapewa kinu au kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na kwa nusu saa hiyo atajua yaliyompata kila mtu mtaani.

Kwa hiyo mke asiachiwe watoto wa Shule ya Jumapili tu, kisha mume akafanya "kazi yenyewe". Ugumu wa washirika wanawake (mshahara uliocheleweshwa, msimamizi anayewasumbua, mtoto aliyeachwa kwa bibi Bara) hautasemwa barazani. Utasemwa uwani.

Wekeni kanuni hizi tangu wiki ya kwanza:

- Mume haingii nyumba aliyomo mwanamke peke yake, hata kwa kuombea mgonjwa. Waende wawili, au mke aende na mama mwingine.
- Mke haendi peke yake kwa mshirika mwanamume anayeishi mwenyewe.
- Mazungumzo ya siri hufanyika mahali panapoonekana, mlango wazi.

Watu hutazama ndoa yenu zaidi ya wanavyosikiliza mahubiri. Joto la Januari na Februari, upweke na kelele za usiku huwafikisha hata wapole kwenye kugombana. Chagueni siku moja ya wiki ambayo kanisa haliwapati. Wanandoa wetu wa tatu walichagua Jumatatu: walipanda gari kwenda mjini, wakanunua mboga Darajani, jioni wakakaa Forodhani kula na kutazama vijana wakijirusha baharini. Wao ndio pekee ambao hawakuomba kuondoka kabla ya muda.

## Hatua ya 6: Fedha zisipite mifukoni mwenu

Daftari la pili ni la sadaka. Siku ileile ya kwanza mtakayokuta sadaka ikitolewa, hakikisheni inahesabiwa na watu watatu wasio wa familia moja, mbele ya watu, na kuandikwa kwa kalamu ya wino na sahihi tatu. Ninyi msiwe miongoni mwa watatu hao.

Msilipe kodi ya mahali pa ibada kutoka kwenye fedha zenu. Najua inauma kuona watu wenye mishahara midogo wakichanga wakati mfukoni mnayo. Lakini kodi mliyolipa ninyi itakwisha siku mtakayopanda boti. Kama ushirika hauwezi kulipa kodi ya ukumbi, uabudu kwenye sebule ya mshirika mpaka utakapoweza.

Misaada kwa mtu mmoja mmoja ipite kwa wazee, na msimpe mtu yeyote wa dini nyingine msaada wenye sharti la kuja kanisani. Hilo ni kosa mbele ya Mungu, na huku mtalipa pia mbele ya watu. Jirani akiwa na njaa, mpeni chakula, basi.

Kuhusu kiwanja: msinunue. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali, mgeni hawezi kuimiliki, na karatasi za mauzo zinazozungushwa mitaani zimewaliza wengi. Jambo la ardhi liachieni kanisa lililosajiliwa, na mwanasheria wa hapa.

## Hatua ya 7: Ramadhani, sikukuu na msiba

Sasa zile sahani.

Mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuzama, mtoto wa jirani atapiga hodi na sahani iliyofunikwa kwa kawa: mihogo ya nazi, tambi, labda sambusa mbili. Hiyo ni futari mliyoletewa, ingawa hamfungi. Ipokeeni kwa mikono miwili. Kesho sahani hairudi tupu. Irudisheni na kitu juu yake, hata maembe matatu au vipande vya keki mliyopika. Na siku nyingine mtangulie ninyi kupeleka, kwa sahani yenu nzuri.

Mama mmoja mmishonari aliiosha sahani ya jirani vizuri, akaikausha, akairudisha tupu na kusema asante sana. Kwao huo ndio ustaarabu. Sahani hazikuja tena mwaka ule, naye hakujua kwa nini, mpaka mke wangu alipomweleza. Alilia. Kisha akapika maandazi mengi, akaenda nyumba tatu kwa zamu, na mlango ukafunguka.

Mchana wa Ramadhani msile wala kunywa mahali pa watu, hata maji ndani ya gari. Mtu anaweza kukamatwa, na hata asipokamatwa ameshawaumiza waliofunga. Fupisheni ibada ya jioni na mpunguze sauti, ili ikome mapema kabla ya kufuturu.

Krismasi na Pasaka waalikeni majirani kwa chakula. Kuku au mbuzi achinjwe na Muislamu, mumwombe jirani mapema, na mpishi awe mtu wanayemjua. Nguruwe na pombe visifike kwenye sufuria wala nyumba ile, hata kwa siri. Nimeona sikukuu ambayo majirani ishirini walikula wali na kuku kwetu bila wasiwasi kwa sababu aliyechinja alikuwa mzee wa mtaa wao.

Msiba ndio mtihani wenyewe. Akifa jirani, mume aende mazikoni akakae na wanaume, mke akakae na wanawake ndani, akijitanda kanga. Msihubiri.

Akifa mshirika, mara nyingi familia itataka mwili urudishwe Bara: jeneza, hati, boti, kisha gari hadi Kigoma au Songea. Ni gharama kubwa inayodaiwa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo fungueni mapema mfuko wa msiba, kila mwenye kazi achange kidogo kila mwezi, na usichanganywe na sadaka. Ushirika uliomsafirisha marehemu wake kwa heshima hausambaratiki kirahisi.

## Hatua ya 8: Barua na picha mnazotuma kwenu

Mwandikieni aliyewatuma kana kwamba jirani yenu atasoma, kwa sababu atasoma. Wanandoa fulani, watu wema, waliandika mtandaoni kwamba wanaishi kwenye "ngome ya giza", wakaweka na picha ya mtaa. Kijana wa mtaani aliyekuwa akisoma nje ya nchi aliiona, akamtumia baba yake. Baba yake ndiye aliyekuwa amewapangisha nyumba. Hakupiga kelele. Aliwaita barazani, akawapa kahawa, akawaomba wahame mwisho wa mwezi.

Tuna sababu ya kuwa waangalifu na ndimi zetu. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa hapa Unguja. Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali, na Februari 2013 Padre Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi. Waliumia wa pande zote mbili, na waliokaa pamoja misibani walikuwa wa pande zote mbili. Mgeni asituchokonolee kidonda.

Basi: msipige picha watoto wa watu, wanawake wala msikiti. Msitaje kijiji. Na akija Muislamu mwenyewe kuuliza habari za imani, msimkimbilie na msimtangaze. Mpelekeni kwa wazee wa ushirika, wanaojua familia yake na watakaokuwapo mkishaondoka. Vipeperushi visigawiwe skuli wala kwa mtoto yeyote bila mzazi wake.

## Hatua ya 9: Kila kazi iwe na watu wawili, na masika iwakute tayari

Kuanzia mwezi wenu wa nne huku, orodhesheni kazi zote za ushirika kwenye daftari la tatu: kufungua mahali, kutandika majamvi, kuongoza nyimbo, kusoma, kuhubiri, kuhesabu sadaka, kutembelea wagonjwa, kufundisha watoto. Mbele ya kila kazi andikeni majina mawili, na yasiwe yenu. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa zamu, au atahamishwa.

Anayejifunza kuhubiri akae na mume Alhamisi wasome somo pamoja. Jumapili ya kwanza asome tu. Ya pili aeleze kwa dakika tano. Baada ya miezi miwili ahubiri nzima, na mume aketi nyuma, asikunje uso. Akikosea, arekebishwe Jumatatu, faraghani.

Kisha inakuja masika. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei mvua hunyesha, watalii hupungua, hoteli nyingi za pwani hufungwa au kupunguza watu. Washirika hurudi Bara. Mwaka mmoja tulikuwa thelathini na wanane Februari. Mei tulikuwa kumi na mmoja, maji yakiingia chini ya mlango. Wanandoa wale walidhani wameshindwa, wakaandika barua ya kuomba kurudi kwao. Juni watu wakaanza kurejea, wengine na ndugu zao.

Jiandaeni hivi. Machi hakikisheni kila anayeondoka ana namba ya mzee mmoja wa kanisa na anajua ibada itaendelea. Sadaka ya miezi ya wageni wengi iwekewe akiba ya kodi ya Aprili na Mei. Kumi na mmoja waliobaki ndio wenyeji wa kweli wa ushirika: walimu, askari, mafundi, wenye familia hapa. Viongozi wa kudumu watoke miongoni mwao, si kwa yule mhudumu mchangamfu mwenye mkataba wa miezi sita.

Kama mmepangiwa Pemba, hesabu hii hubadilika. Hoteli ni chache, kwa hiyo washirika wengi ni watumishi wa serikali, askari na wafanyabiashara wadogo wa Chake Chake, Wete na Mkoani, nao huhamishwa kwa barua ya kazini badala ya msimu. Watu ni wachache zaidi na mko mbali zaidi na msaada: kutoka Mkoani mnaposhukia meli hadi Chake Chake ni karibu kilomita 30, na kivuko cha kurudi Unguja hakipatikani kila saa. Bebeni dawa zenu za kudumu za miezi mitatu. Na adabu ya huko ni ya ndani zaidi; mgeni asiyesalimia Pemba hukumbukwa kwa muda mrefu.

## Hatua ya 10: Kabidhini kabla ya kuondoka

Itajeni tarehe ya kuondoka tangu mwezi wenu wa kwanza huku, na muirudie. Miezi sita kabla, acheni kuongoza jambo lolote. Miezi mitatu kabla, safirini Jumapili mbili mfululizo, mkasali kwingine, kwa mfano kwa Waanglikana Mkunazini au kwa Wakatoliki Minara Miwili mjini. Mkirudi msiulize "mliendeleaje bila sisi?" Fungueni daftari la sadaka na la kazi, msome.

Yaliyoharibika Jumapili hizo mbili ndiyo kazi yenu ya miezi mitatu iliyobaki. Sisi mara moja tuligundua kuwa ufunguo wa ukumbi ulikuwa mmoja tu, mfukoni mwa mmishonari, naye alikuwa mjini. Watu waliabudu chini ya mwembe. Wiki iliyofuata tulichonga funguo tatu.

Kabidhini madaftari yote matatu kwa wazee mbele ya ushirika, ukurasa kwa ukurasa. Nendeni kwa sheha mkiwa na wazee hao, mmuage, na muwatambulishe wao kuwa ndio wa kuulizwa. Mwenye nyumba apewe funguo zake na bili za umeme na maji zilizolipwa.

Miezi mitatu ya kwanza mkiwa kwenu, msimpigie mshirika mmoja mmoja kuuliza mambo ya kanisa. Pigeni kwa mzee mmoja, mara moja kwa mwezi, mumsikilize. Ombi la fedha likija, lirudisheni kwake na kwa wenzake.

Na kabla ya kufunga mizigo, angalieni kabatini. Lazima kutakuwa na sahani za majirani. Zirudisheni zote, kila moja na kitu juu yake, na zile sita zenu mziache uwani kwa Bi jirani.